Bidhaa Huvuka Mpaka, Haki Haivuki: Kuelewa Miliki Bunifu katika Biashara ya Kimataifa

Mwaka 2009 Apple ilinunua jina la iPad kutoka kwa Proview, kampuni ya Taiwan, kwa pauni 35,000. Ilinunua kimyakimya, ikipitia kampuni ndogo iliyoundwa Uingereza kwa shughuli hiyo, na iliamini imelipata jina hilo katika nchi zote ilizozihitaji, China ikiwemo. Kumbe usajili wa China haukuwa mikononi mwa Proview ya Taiwan. Ulikuwa wa kampuni dada yake iliyoko Shenzhen, na watu wa Shenzhen walishikilia kwamba wao hawakuuza chochote. Kesi ilipofika mahakamani China, Apple ilishindwa katika hatua ya kwanza. Mwaka 2012, rufaa ikiwa bado inaendelea, ikakubali kulipa dola milioni 60 ili yaishe.

Katika kisa hiki hakuna aliyeghushi kitu. Hakuna kiwanda cha mafichoni wala kontena lililosheheni bidhaa bandia. Kuna jina moja, na madaftari ya usajili ya nchi mbalimbali. Wengi wakisikia habari za kulinda miliki bunifu, yaani haki juu ya uvumbuzi, majina ya bidhaa na kazi za ubunifu, katika biashara ya kimataifa huwaza ofisa wa forodha akifungua maboksi ya saa feki. Hilo lipo, na nitalifikia. Lakini fundo lenyewe limefungwa mahali pengine: bidhaa huvuka mpaka, haki haivuki.

Haki yenye mipaka

Shati ulilonunua ni lako popote uendapo. Panda nalo ndege, shuka upande wa pili wa dunia, bado ni lako. Miliki bunifu haina tabia hiyo. Hataza, ambayo wengi huiita patenti, ikitolewa Japani humzuia mtu mwingine kutengeneza au kuuza uvumbuzi huo Japani. Brazil mtu yuko huru kuutengeneza ikiwa mvumbuzi hakuomba ulinzi huko. Hakuna hataza ya dunia, wala hakuna alama ya biashara ya dunia. Anayekuuzia cheti cha namna hiyo anakuibia fedha zako, na matapeli wa aina hiyo wapo, huwaandikia barua zenye mihuri ya kutisha watu waliotoka kusajili jana.

Kila haki nayo ina mwenendo wake. Hataza lazima iombwe, na katika nchi nyingi ichunguzwe kwanza. Alama ya biashara katika nchi nyingi huwa ya aliyetangulia kusajili, hata kama mwingine ndiye aliyetangulia kuitumia kwingineko. Katika nchi chache, Marekani ikiwa mojawapo, kuitumia sokoni ndiko huzaa haki. Hakimiliki ya maandishi, muziki, picha au programu huzaliwa yenyewe kazi inapoundwa, bila fomu wala ada. Siri ya biashara haina daftari lolote, ulinzi wake ni kuitunza tu, na ikishavuja hairudi. Simu moja ya mkononi hubeba haki hizi zote kwa pamoja: hataza za namna inavyonasa mawimbi, alama iliyo mgongoni, hakimiliki ya programu zake, umbo lililosajiliwa, na siri za kiwanda kilichoiunda. Kwa hiyo mfanyabiashara anayesema "nimesajili" bado hajasema kitu, mpaka aseme amesajili nini na amesajili wapi.

Kutoka Vienna hadi Marrakesh

Mwaka 1873 yaliandaliwa maonyesho makubwa ya kimataifa mjini Vienna. Wavumbuzi wa kigeni wakasita kupeleka mashine zao, kwa kuhofia kwamba wageni wangezitazama, wakarudi kwao na kuzitengeneza. Hofu ile ikaanzisha mazungumzo yaliyozaa Mkataba wa Paris wa mwaka 1883. Mambo mawili ya mkataba ule yanafanya kazi hadi leo. Kwanza, nchi mwanachama impe mgeni ulinzi uleule inaompa raia wake. Pili, ukishaomba katika nchi moja, una muda wa kuomba katika nyingine huku ukihesabiwa kana kwamba uliomba kote siku ileile: miezi 12 kwa hataza, miezi 6 kwa alama za biashara na maumbo ya bidhaa. Mwaka 1886 ukafuata Mkataba wa Berne kwa kazi za waandishi na wasanii.

Hapa kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Uholanzi ilifuta sheria yake ya hataza mwaka 1869, ikakaa bila hataza hadi 1912. Marekani haikuwapa waandishi wa kigeni hakimiliki hadi mwaka 1891, na kwa miaka mingi wachapishaji wake walichapa vitabu vya Waingereza bila kulipa hata senti. Ikajiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1989, zaidi ya miaka 100 baada ya kuandikwa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Sisemi haya ili kuhalalisha wizi wa leo. Nayasema kwa sababu nchi zilizo nyuma kiviwanda zinapoomba muda zaidi, zinaomba kitu ambacho wanaowahimiza walijipa wenyewe bila kumwomba mtu.

Udhaifu wa mikataba ya Paris na Berne ulikuwa kukosa meno. Nchi ikikiuka, hapakuwa na njia ya maana ya kuibana. Kuanzia 1986, katika Duru ya Uruguay ya mazungumzo ya biashara, nchi tajiri zilisukuma suala hili litoke kwenye meza ya mikataba ya kiufundi na kuingia kwenye meza ya biashara, mahali ambapo ukivunja ahadi unaguswa mfukoni. Nchi zinazoendelea hazikulipenda, lakini zilitaka masoko ya mazao na nguo zao. Wakabadilishana. Ndipo ukatiwa saini Marrakesh, Morocco, Aprili 1994, mkataba wa miliki bunifu katika biashara unaojulikana kwa jina la TRIPS, ambao ulianza kutumika tarehe 1 Januari 1995 pamoja na Shirika la Biashara Duniani, WTO.

TRIPS haikuunda sheria moja ya dunia. Iliweka sakafu ambayo hakuna mwanachama anayeruhusiwa kushuka chini yake. Hataza isipungue miaka 20 tangu kuombwa. Hakimiliki ya mwandishi idumu uhai wake na miaka 50 baada ya kifo. Alama ya biashara isajiliwe kwa muda usiopungua miaka 7 na iweze kuhuishwa bila kikomo. Tena kuwe na mahakama, zuio, fidia, na adhabu ya jinai kwa wanaoghushi kwa makusudi kibiashara. Nchi zenye maendeleo duni zaidi zimeongezewa muda hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kulazimika kuutekeleza mkataba huu kikamilifu.

Meno yenyewe yanauma vipi? Nchi ikishindwa kesi WTO na ikakataa kujirekebisha, iliyoshinda inaweza kuruhusiwa kusimamisha manufaa ya kibiashara iliyokuwa ikiipa. Marekani iliwahi kushindwa kwa sababu sheria yake iliruhusu baa na maduka mengi kupiga muziki wa redio bila kuwalipa wenye muziki. Umoja wa Ulaya ulishtaki, na mwaka 2001 waamuzi wakapima hasara hiyo kuwa zaidi kidogo ya euro milioni 1.2 kwa mwaka.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Antigua na Barbuda, visiwa vyenye watu wasiofika laki moja na nusu. Viliishinda Marekani katika kesi ya michezo ya kubahatisha ya mtandaoni, kesi isiyohusu miliki bunifu hata kidogo. Sasa kisiwa kile kingeiadhibu vipi Marekani? Kupandisha ushuru kungewaumiza wananchi wake wenyewe. Mwaka 2007 waamuzi wakaamua kwamba kinaweza kuomba ruhusa ya kusimamisha ulinzi wa miliki bunifu ya Wamarekani hadi thamani ya dola milioni 21 kwa mwaka. Ekuador ilikuwa imepata ruhusa ya aina hiyo mwaka 2000 dhidi ya Umoja wa Ulaya, katika ugomvi wa ndizi. Silaha iliyofuliwa kwa ajili ya wenye nguvu ikageuka kuwa karibu silaha pekee ambayo mdogo anaweza kuiinua. Kuitumia ni suala lingine: Antigua haijaitumia, na ugomvi ule umebaki bila kulipwa ipasavyo.

Mpakani: nini kinaweza kuzuiwa?

OECD, shirika la ushirikiano na maendeleo ya kiuchumi, na ofisi ya miliki bunifu ya Umoja wa Ulaya, katika ripoti ya mwaka 2025, zilikadiria kuwa biashara ya kimataifa ya bidhaa bandia ilifikia dola bilioni 467 mwaka 2021, sawa na asilimia 2.3 ya bidhaa zote zilizoagizwa duniani. Ni makadirio, kwa kuwa magendo hayatoi risiti, lakini ukubwa wake unaonekana.

TRIPS inazitaka nchi ziwe na utaratibu wa kuzuia forodhani bidhaa zenye alama za kughushi na nakala haramu za kazi zenye hakimiliki. Mwenye haki ndiye anayeomba. Anatoa ushahidi, anaeleza bidhaa halisi inatofautianaje na ya kughushi, na anaweza kutakiwa kuweka dhamana. Shehena ikizuiwa, kwa kawaida ana siku 10 za kazi za kufungua shauri, zinazoweza kuongezwa nyingine 10, la sivyo mzigo unaachiwa. Akizuia mzigo wa mtu kimakosa, anaweza kulipishwa. Forodha basi haijui kwa miujiza kwamba mkoba fulani ni feki. Mwenye chapa asipowaeleza, makontena yatapita mbele yao.

Kazi hiyo imekuwa ngumu zaidi tangu watu waanze kununua mtandaoni moja kwa moja kutoka kwa wauzaji wa mbali. Zamani bandia zilikuja kwa kontena, ukilikamata umekamata elfu kumi. Leo zinakuja moja moja kwenye bahasha za posta, na kuifuatilia kila bahasha kisheria hugharimu kuliko kilichomo.

Kosa kubwa, na hapa naomba msomaji atulie, ni kuchanganya vitu vitatu visivyofanana. Bidhaa bandia ni ile iliyobandikwa chapa ya mtu bila ruhusa yake. Dawa za jenerika ni dawa halali zenye kiambato kilekile, zinazotengenezwa pale ambapo hataza imekwisha au haikuwepo. Na kuna bidhaa halisi kabisa zilizopita njia ambayo mtengenezaji hakuipenda. Anayezitia zote kwenye kapu la "feki" humnufaisha mtu fulani, na mara nyingi si mlaji.

Madhara ya mkanganyiko huo yalionekana Desemba 2008. Shehena ya losartan, dawa ya shinikizo la damu, ilikuwa safarini kutoka India kwenda Brazil. Haikuwa na hataza India, haikuwa nayo Brazil. Ilipopita Uholanzi ikazuiwa, kwa hoja kwamba Uholanzi hataza ilikuwepo, ingawa hakuna kidonge kilichokusudiwa kuuzwa huko. India na Brazil zikafungua malalamiko WTO mwaka 2010. Desemba 2011 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika mashauri ya bidhaa nyingine, ikaeleza kwamba mzigo unaopita tu hauwezi kuhesabiwa umevunja haki bila dalili kwamba unaelekezwa kwenye soko la Ulaya.

Bidhaa halisi, njia nyingine

Kundi la tatu, lile la bidhaa halisi zilizopita njia nyingine, huitwa uagizaji sambamba, na ndilo linalowachanganya hata mawakili. Swali lake ni hili: mwenye haki akishauza kitu mara moja, je, bado anaweza kuamua kiuzwe tena wapi? TRIPS ilikwepa kulijibu. Kila nchi ijiamulie.

Tazama majibu mawili. Silhouette, kampuni ya Austria ya fremu za miwani, mwaka 1995 iliuza fremu 21,000 za mtindo uliopitwa na wakati kwa mnunuzi wa Bulgaria, ikisema ziuzwe Bulgaria au nchi za uliokuwa Muungano wa Kisovieti. Duka la Austria likazipata na kuzirudisha nyumbani. Mwaka 1998 mahakama ya Ulaya ikasema Silhouette inaweza kuzizuia, kwa kuwa haki huisha tu bidhaa inapouzwa kwanza ndani ya eneo la Ulaya. Kwa upande mwingine, mwanafunzi kutoka Thailand aliyekuwa akisoma Marekani aliwaomba ndugu zake wamnunulie vitabu vya kiada nyumbani, ambako viliuzwa kwa bei nafuu, akaviuza Marekani. Mchapishaji, John Wiley, akamshtaki. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa ushindi mwanafunzi: kitabu kikishauzwa kihalali popote duniani, mwenye hakimiliki amemaliza usemi wake juu ya nakala hiyo. Mfanyabiashara yuleyule, akiwa na kontena lilelile la bidhaa halisi, anaweza kuwa mtu halali katika bandari moja na mshtakiwa katika nyingine.

Uhai wa watu kwenye mizani

Sehemu hii siwezi kuiandika kwa ubaridi. Mwaka 1998 kampuni 39 za dawa ziliishtaki serikali ya Afrika Kusini kwa sheria iliyofungua njia ya kupata dawa kwa bei nafuu, ikiwemo kwa uagizaji sambamba. Ukimwi ulikuwa ukiua, na dawa za mwaka mmoja kwa mgonjwa mmoja zilikuwa zikigharimu zaidi ya dola 10,000 katika nchi tajiri. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikatangaza kuwa inaweza kuzitoa kwa dola 350. Aprili mwaka huo, zikiwa zimelaaniwa kila upande, kampuni zile zikaondoa kesi.

Novemba 2001, mkutano wa mawaziri wa WTO mjini Doha ukatamka kwamba TRIPS haizuii na haipaswi kuizuia nchi kulinda afya ya umma, na kwamba kila nchi ina uhuru wa kuamua ni lini itoe leseni ya lazima, yaani ruhusa ya kutengeneza bila ridhaa ya mwenye hataza lakini kwa kumlipa fidia. Tatizo likabaki kwa nchi zisizo na viwanda: leseni ya kutengeneza inamsaidia nini asiye na pa kutengenezea? Utaratibu wa 2003 ukaruhusu nchi nyingine izitengeneze na kuziuza nje. Rwanda ikaujaribu mwaka 2007. Kanada ikatoa leseni, na dawa za Ukimwi zilizotengenezwa na kampuni ya Apotex zikaondoka Kanada Septemba 2008. Kuanzia Januari 2017 utaratibu huo umeingizwa rasmi ndani ya mkataba, na bado safari ile ya Rwanda ndiyo pekee iliyowahi kukamilika. Utaratibu unaohitaji notisi kila upande, kiasi kilichotajwa mapema, na vidonge vyenye rangi au vifungashio tofauti, ni mgumu kwa nchi yenye dharura. Huo ndio mtazamo wangu, na sidhani ni mkali.

Majina na maarifa ya wazee

Haki hizi ziliundwa kwa kumfikiria mvumbuzi mmoja mwenye jina na tarehe. Maarifa ya jamii hayana tarehe. Mwaka 1995 ofisi ya Marekani ilitoa hataza ya kutumia manjano kuponya vidonda, jambo ambalo India limefanywa vizazi na vizazi. Baraza la utafiti wa kisayansi la India likapinga, likaleta maandiko ya zamani, na mwaka 1997 hataza ikafutwa. Mei 2024 wanachama wa WIPO, Shirika la Miliki Bunifu Duniani, walipitisha mkataba unaomtaka mwombaji wa hataza ataje asili ya rasilimali za kijenetiki na maarifa ya jadi aliyoyatumia. Utaanza kutumika ukiridhiwa na pande 15.

Ethiopia ilichagua njia nyingine. Mwaka 2005 iliomba Marekani usajili wa majina ya kahawa zake, Sidamo, Harar na Yirgacheffe, kama alama za biashara, badala ya kuyalinda kama majina ya mahali yanayodai kumkagua kila mkulima mdogo. Chama cha wafanyabiashara wa kahawa wa Marekani kikapinga. Mwaka 2007 Starbucks, kampuni ya Marekani ya migahawa ya kahawa, na serikali ya Ethiopia wakafikia makubaliano yaliyotambua umiliki wa majina hayo.

Kwa anayeanza kuuza nje

Aliyeniuliza aanzie wapi, humwambia aanzie kwenye kalenda. Hataza hudai uvumbuzi uwe mpya. Ukiuonyesha kwenye maonyesho au kuuweka mtandaoni kabla ya kuomba, nchi za Ulaya zitakukatalia. Marekani na Japani huvumilia mwaka mmoja. Ukishaomba nyumbani, una miezi 12 ya Paris. Ndani yake unaweza kutumia mkataba wa ushirikiano wa hataza, PCT, ambao kwa ombi moja hukupa takriban miezi 30 tangu tarehe ya kwanza kabla ya kuamua nchi za kulipia. Kwa alama za biashara kuna Mfumo wa Madrid: ombi moja, nchi nyingi. Tahadhari yake ni kwamba kwa miaka 5 ya mwanzo usajili ule wa kimataifa hutegemea usajili wako wa nyumbani. Wa nyumbani ukianguka, wa nje nao huporomoka.

Kisha angalia watu unaofanya nao kazi, maana hasara nyingi hutoka kwa mshirika unayemjua. Kiwanda cha nje kinachokutengenezea bidhaa kiandikiwe kwenye mkataba kwamba kalibu na michoro ni mali yako, na kwamba hakiruhusiwi kuzalisha zamu ya ziada na kuiuza pembeni. Sajili jina pia katika nchi unakotengenezea, hata kama huuzi kitu huko. Na wakala wako wa mauzo asiwe ndiye anayekusajilia jina kwa jina lake mwenyewe "ili kurahisisha mambo". Mkataba wa Paris unampa mwenye chapa haki ya kumpinga wakala aliyefanya hivyo bila idhini, au kudai usajili uhamishiwe kwake, lakini shauri hilo litaendeshwa katika nchi ya wakala, kwa lugha yake na kwa gharama zako, huku mzigo wako ukizuiwa kuingia kwa nguvu ya jina lako mwenyewe. Ndiyo maana tarehe ya usajili wa jina inatakiwa iwe ya kabla ya tarehe ya mkataba wa uwakala.